Kifungu cha Sita kwenye Barabara ya Ayivu

Wenzangu vijana wa ofisi za Arua na Koboko wameniomba niandike jinsi kazi ya bima ya magari ilivyofanywa huku kwetu kabla wao hawajaja. Mmoja alitaka nieleze nilivyopanda vyeo. Hilo ni fupi: nilipanda mara mbili, na mara zote mbili meza ilibaki ile ile. Nitaandika badala yake mambo ambayo yangenifaa kama mtu angeniambia mapema.

Nilianza mwanzoni mwa mwaka 1979, nikiwa tarishi katika ofisi ya wakala mmoja wa bima mjini Arua. Nilifagia, nilipeleka barua posta, na siku ya kwanza nilipewa muhuri na rundo la hati. Nikazipiga zote muhuri, kutoka ya juu hadi ya chini, nikiwa nimeushika kichwa chini. Wakala, mtu mpole, alizitazama akasema, “Angalau umenyoosha mstari.” Zikapelekwa hivyo hivyo kwa wateja. Hakuna hata mmoja aliyelalamika, na hapo nikajifunza jambo la kwanza kuhusu bima: mtu hasomi hati yake mpaka siku ya ajali.

Ofisi ile haikumaliza mwaka. Vita vilifika, wakala akaenda kwao, na baadaye sisi wa Ayivu, vijiji vya kando ya mji, tukavuka mpaka kama wengine, tukaishi upande wa Zaire kwa miaka. Hayo siyaelezi, maana kila nyumba huku ina maelezo yake. Nitataja jambo moja tu linalohusu kazi. Katika soko la Ariwara kulikuwa na mama aliyefunga karanga kwa karatasi, na karatasi zile zilikuwa hati za bima za ofisi yetu. Niliutambua muhuri wangu, kichwa chini.

Nikawa mteja wake wa kila siku ya soko. Nilikuwa nikigeuza vifurushi kimoja kimoja, mpaka siku moja akakasirika.

“Wewe mutu, unachagua nini? Karanga iko moja tu!”

“Natafuta ukurasa wa nne, mama.”

“Ukurasa! Kula karanga, uache mambo ya ukurasa.”

Nilikuwa nimesoma hadi darasa la saba, na Kiingereza cha hati zile kilikuwa kama kichaka. Kwa kamusi niliyoazima kwa mwalimu mmoja mkimbizi, nilitafsiri mkataba mzima wa bima kubwa katika daftari, kifungu kwa kifungu. Kazi hiyo ilichukua misimu miwili ya karanga. Ukurasa wenye kifungu cha sita niliupata mwisho kabisa, umelowa mafuta, nikausoma kwa kuuinua kwenye jua.

Tulirudi katikati ya miaka ya themanini. Magari mjini yalikuwa machache, na yaliyokuwepo yalitembea kwa kamba na dua. Biashara ilipoanza kuamka, kampuni moja ya Kampala ilifungua chumba kimoja mjini na kutafuta karani anayejua bima. Bwana aliyetumwa kunihoji aliuliza vyeti viko wapi. Nikamwekea daftari mezani. Alisoma kurasa kadhaa, akauliza mbona linanukia karanga, nikamweleza. Jumatatu yake nikaanza kazi.

Aliyenifundisha kutazama gari ni mzee Onzima, mkadiriaji wetu wa hasara. Alikuwa fundi wa zamani wa karakana ya serikali, mtu mfupi asiyependa maneno. Vifaa vyake vilikuwa chaki, kamba yenye fundo kila futi moja, kioo kidogo cha kunyolea cha kuchungulia uvunguni, na daftari la miraba. Kanuni yake ilikuwa moja: “Tazama gari kwanza, mwenye gari baadaye. Gari haina jamaa.” Safari yangu ya kwanza naye tulikwenda kwa mfanyabiashara aliyedai kwamba amegonga ng'ombe. Onzima aliinama mbele ya bampa, akachomoa kipande cha gome la mti, akamwonyesha.

“Ng'ombe hii ilikuwa na majani?”

Mtu yule alicheka kwanza, kisha akaomba fomu yake irudishwe. Onzima alimrudishia bila kusema neno, na njiani hakulitaja jambo lile tena. Nilipenda hilo. Baada ya hapo niliona wakadiriaji wengi waliomshika mwongo kisha wakatembea naye mji mzima kama nyara.

Sasa niseme kuhusu bima yenyewe, kwa sababu ninyi mnaifasiri kila siku dirishani, na neno likifasiriwa vibaya hugeuka deni la mtu.

Bima ndogo humlipa yule uliyemuumiza au uliyemharibia mali. Bima kubwa humlipa huyo, na juu yake hulipia gari lako mwenyewe: ajali, moto, wizi. Neno “kubwa” lilitutesa sana, maana mteja akisikia kubwa anafikiri yote. Bima kubwa haikulipa tairi lililokwisha, wala injini iliyokufa kwa uzee, wala ajali ya ng'ambo ya mpaka. Na mteja wa Koboko, akiwa na Zaire upande mmoja na Sudan upande mwingine, aliweza kutoka nje ya bima yake mara mbili kabla ya chakula cha mchana. Msiache kulisema hilo siku ya kwanza, na lisemeni kwa majina ya masoko. Ukimwambia mtu “nje ya nchi” anafikiria ndege.

Halafu iko eksesi. Mimi niliiita sehemu ya mwenyewe: kile kipande cha kwanza cha hasara ambacho mwenye gari hujibebea kabla kampuni haijagusa kitu. Mteja wangu aliyeipinga kwa nguvu zaidi, na baadaye akaielewa kuliko wote, alikuwa Hajati Mariamu wa Koboko. Alikuwa mjane wa askari, mwenye duka la vitambaa na chumvi, na pikapu moja iliyoleta bidhaa zake kutoka Arua. Pikapu ile ndiyo ilikuwa duka. Bila hiyo rafu zingebaki tupu katika wiki mbili.

“Mimi nalipa ninyi kila mwaka,” alisema siku alipokata bima kwa mara ya kwanza. “Halafu gari inaumia, nalipa tena mimi mwenyewe ile ya mbele. Hii bima ama ni bwana ya pili?”

“Ni bima, Hajati.”

“Bwana ya kwanza angalau alikuwa naleta sukari.”

Nilimweleza kwa penseli. Bampa ikipinda na fundi akatoza chini ya sehemu yako, usitusumbue, lipa fundi. Gari likipinduka na hasara ikawa mara kumi ya sehemu yako, unalipa moja, sisi tunalipa tisa. Anayekubali kubeba sehemu kubwa hulipa ada ndogo kila mwaka. Yeye akaniuliza swali ambalo wenye digrii hawakuniuliza: “Kama nachagua sehemu kubwa, na siku ya ajali sina hiyo pesa, gari inakaa wapi?” Nikamwambia inakaa kwa fundi. Akachagua sehemu ya kadiri. Nawasihi mumuulize kila mteja swali hilo la Hajati kabla ya kumsifia ada ndogo.

La mwisho ni punguzo la kutodai. Kila mwaka mteja asipodai kitu, ada yake hushuka ngazi moja, mpaka kikomo. Akidai, hurudishwa nyuma, na katika kampuni yetu alirudishwa chini kabisa. Hapa wengi walikosea, na mawakala wakawaacha wakosee kwa sababu kosa lilikuwa linauza. Walidhani ni zawadi ya uendeshaji mzuri. Si hivyo. Ukigongwa umesimama, kampuni ikakulipa na isiweze kurudisha fedha yake kwa aliyekugonga, punguzo linakwenda. Punguzo ni la kutodai, si la kutokosa. Ndiyo maana kabla ya kujaza fomu ya dai, kaa na mteja mpige hesabu: atapata nini baada ya kutoa sehemu yake, na atapoteza nini kwa miaka inayokuja. Mara nyingi dai dogo ni hasara aliyojiletea mwenyewe.

Hajati alifika mwaka wa tano bila dai. Barua ya punguzo aliitundika dukani karibu na picha ya marehemu mumewe, na aliwaonyesha wateja. “Miaka tano,” alikuwa akisema, “na hawa watu ya Arua wananiheshimu kwa maandishi.”

Kesi ninayotaka kuieleza ilitokea mwanzoni mwa miaka ya tisini, mvua zikiwa zimeharibu barabara. Dereva wa Hajati alikuwa mdogo wake, Swaibu, mtu mzima mwenye watoto wanne, asiyekunywa pombe. Asubuhi moja alikuwa akija Arua, na alipofika Ayivu, maili chache kabla ya mji, akakwepa shimo na kumgonga mtu wa baiskeli aliyekuwa akipeleka mihogo sokoni. Jina lake Drani. Mguu wake ulivunjika mahali pawili.

Swaibu alifanya vizuri. Alimpakia Drani, akamfikisha hospitali, akaenda polisi, kisha akaja kwangu. Mimi nilimtuma Onzima barabarani kabla mvua ya mchana haijafuta alama. Saa nane Hajati mwenyewe alikuwa ofisini, amekuja na lori la tumbaku, viatu mkononi kwa ajili ya tope.

Madigadi ya pikapu ilikuwa imebonyea. Ilikuwa chini ya sehemu yake, hivyo tukakubaliana ataitengeneza mwenyewe. Lakini mguu wa Drani ulikuwa jambo jingine. Hilo lilikuwa dai la mtu wa nje, na kampuni ikilipa, punguzo limekwisha.

“Lakini mimi sikuendesha,” alisema. “Nilikuwa Koboko napima kitambaa.”

“Najua, Hajati.”

“Miaka tano!”

“Najua.”

Kisha nikafungua daftari na kumsomea kifungu cha sita: mwenye bima asikiri kosa, asitoe ahadi, asilipe wala asipatane na mtu yeyote kuhusu ajali bila idhini ya kampuni kwa maandishi. Nilisoma mara mbili. Nikamweleza kwamba akikivunja, kampuni inaweza kukataa kumlipa Drani, na gharama yote ya mguu ule itamwangukia yeye. Atauza pikapu na bado haitatosha. Nilieleza vizuri. Nakumbuka niliridhika na nilivyoeleza.

“Kwa hiyo nikae kimya?” aliuliza.

“Kaa kimya. Na Swaibu akae kimya. Kampuni ndiyo itasema.”

“Kampuni itasema lini?”

“Nitaandika Kampala leo.”

Niliandika siku hiyo hiyo. Simu haikufanya kazi miezi ile, na barua ilikwenda kwa basi. Majibu, yakija upesi, yalikuja baada ya wiki tatu.

Siku ya kumi na moja ilikuwa Jumapili. Naishi Awindiri, mjini, lakini shamba letu liko Ayivu na huwa nasali huko. Baada ya ibada alinijia baba yake Drani, mzee Candia. Tulizungumza Kilugbara, nafasiri hapa kwa kadiri niwezavyo.

“Wewe ndiye mtu wa bima wa ile pikapu?”

Nikakubali.

“Mwanangu yuko hospitali siku ya kumi na moja. Aliyemgonga alimbeba, hilo nimelisikia na nimelishika. Kisha wakapotea. Mtu akikuvunjia chungu huja akasema, ni mimi. Hawa wamevunja mguu.”

“Mzee, kampuni itashughulikia.”

“Kampuni ni ya ukoo gani?”

Hilo sikuwahi kulitafsiri. Katika daftari langu lote la karanga halikuwemo.

“Vijana wamesema pikapu ile haitapita hapa tena,” aliendelea. “Sikuwatuma. Lakini sitawazuia.”

Nilitembea mpaka pale barabarani. Kando ya shimo kulikuwa na mawe yamepangwa, si mengi, lakini yamepangwa. Anayejua miaka ile anaelewa. Baada ya vita, watu wa Koboko na watu wa Arua walikuwa wamerudi nyumbani kwa njia tofauti, kila mmoja na kumbukumbu yake juu ya mwenzake, na kulikuwa na mengi yaliyosubiri sababu. Na barabara ile ndiyo njia ya chumvi na vitambaa vya Hajati. Angeweza kupoteza pikapu kwa njia mbili: akisema, kampuni imwache, asiposema, asiweze kuitembeza, na Swaibu apigwe mawe.

Kwa muda nilijaribu kujiambia kwamba Hajati hakuelewa. Alikuwa ameelewa sawasawa. Alifanya nilichomwambia.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa Onzima. Alikuwa kwenye karakana yake, akinoa patasi. Nikamweleza yote.

“Kisome tena,” alisema.

Nikasoma kifungu cha sita.

“Kinakataza mdomo. Kinakataza miguu?”

“Hapana. Lakini wakifika wataulizwa.”

“Basi nenda nao. Ukisikia kosa linakuja, kohoa.”

Hakuwa anatania. Onzima hakutania kabla ya saa sita.

Nilipanda lori la Koboko siku hiyo hiyo. Hajati alikuwa dukani, rafu ya chumvi imebaki nusu. Swaibu alikuwa amekaa nje, funguo mfukoni. Nikawaambia twende hospitali, tukamwone mgonjwa na wazazi wake. Hajati aliweka chini mkasi.

“Wewe ulisema nikae kimya. Mimi sili chakula vizuri, nafikiria mama ya huyu kijana. Mimi pia iko mama. Lakini karatasi imekataza.”

“Karatasi haikukataza kwenda, Hajati. Mimi ndiye niliyekataza.”

Aliuchukua tena mkasi.

“Bwana Bima, wewe unajua kusoma sana,” alisema. “Lakini watu ya kwenu mwenyewe hujui.”

Swaibu, nje, alicheka kwa pua. Nilistahili.

Jumatano tulikwenda, siku ya kumi na nne. Pikapu ilibaki Koboko. Walikuja Hajati, Swaibu na wazee wawili wa kwao, wamebeba unga, sukari, sabuni na sufuria ya mchuzi wa kuku iliyofungwa kwa kitambaa kipya cha duka. Njiani niliwafundisha maneno: tumekuja kumwona mgonjwa, tunasikitika kwa maumivu yake, mengine yanapimwa na polisi na kampuni. Swaibu alirudia vizuri kama mtoto wa shule. Mzee mmoja aliniuliza kama ruhusa ya kusalimia ninayo au niandike Kampala kwanza.

Drani alikuwa amelala, mguu umefungwa mbao. Mama yake alikuwa pembeni ya kitanda, na mzee Candia kwenye kigoda, na nyuma yake ndugu zake watatu wamesimama. Hajati alisalimia, akaweka vitu chini. Hakuna aliyevigusa. Mzee Candia aliwaacha wakae, kisha akauliza kwa Kiswahili chake cha sokoni, maana watu wa Koboko hawajui Kilugbara chetu:

“Nani alikuwa nashika usukani?”

Swaibu alinitazama. Hajati alinitazama. Hata wazee wale wawili waligeuka. Koo langu lilikuwa kavu na nilikuwa na kila sababu ya kukohoa. Mzee Candia hakunitazama mimi. Alimtazama Swaibu.

“Mimi, mzee,” Swaibu alisema.

“Mutoto yangu alikuwa upande gani?”

“Upande yake.”

“Na wewe?”

“Nilikimbia shimo. Niliingia upande yake. Kosa iko yangu.”

Sikukohoa. Nililipwa na kampuni kuyazuia maneno hayo, na nilikaa nikayaacha yapite. Hajati aliongeza, “Gari iko yangu, na huyu ni ndugu yangu, tumbo moja. Tumechelewa kuja.”

“Mumechelewa sana,” mzee Candia alisema. “Siku kumi na ine mulikuwa wapi? Koboko iko mbali kama Khartum?”

Hajati angeweza kunyoosha kidole. Hakunyoosha. Aliinamisha kichwa, akasema tena kwamba wamechelewa. Hapo nikasimama, nikasema kwa Kilugbara, kisha kwa Kiswahili ili wote wasikie, kwamba mimi ndiye niliyewakataza kuja, kwamba mama huyu alitaka.

Mzee Candia aligeuka polepole kwenye kigoda.

“Wewe? Mtoto wa Ayivu?”

“Mimi, mzee.”

“Basi mbuzi utatoa wewe.”

Mmoja wa ndugu zake akacheka, kisha wote, na Drani naye akacheka kitandani, kisha akapiga kelele kwa sababu mguu ulitikisika. Mama yake akafungua sufuria. Mzee Candia akamwambia Swaibu asogee, aketi karibu na kitanda, amweleze vizuri lile shimo liko mahali gani, kwa sababu na yeye ana baiskeli. Mbuzi nilimtoa Jumamosi. Sikudai popote.

Jioni ile niliandika taarifa. Niliandika kila neno la Swaibu, na niliandika kwamba karani alikuwepo na hakuzuia. Nilifikiria kuliacha hilo la mwisho. Lakini nimekula karanga nyingi ili nijue kifungu kile, na mtu anayekijua hawezi kujifanya alikuwa amesinzia.

Jibu la Kampala lilikuwa kali. Waliuliza kwa nini mtu wao alihudhuria kukiriwa kwa kosa, na wakasema wanafikiria kukataa dai. Kwa wiki nne Hajati hakuwa na uhakika kama pikapu ni yake. Hakuja kulia ofisini. Alituma ujumbe mmoja kwa dereva wa lori: “Mwambie Bwana Bima, mimi nangoja.” Nami nilingoja, na sikulala vizuri kuliko yeye.

Kilichotuokoa ni kamba ya Onzima. Siku ya ajali, kabla ya mvua, alikuwa amepima alama za matairi kwenye udongo, fundo kwa fundo, na kuzichora: hapa shimo, hapa ukingo, hapa gurudumu la mbele futi tatu ng'ambo ya katikati, hapa mihogo imemwagika. Niliutuma mchoro ule pamoja na barua ya sentensi chache. Nilisema kwamba kifungu cha sita kipo ili mteja asiipotezee kampuni utetezi iliokuwa nao; kwamba hapa kampuni haikuwa na utetezi wowote tangu saa moja asubuhi; na kwamba Swaibu hakusema jambo ambalo udongo haukuwa umeshalisema. Onzima alisoma barua, akafuta neno “kwa unyenyekevu” kwa chaki, akanirudishia.

Kampuni ilimlipa Drani. Mimi nilipewa onyo la maandishi, ambalo bado ninalo. Wamekosea jina langu. Hajati alipoteza punguzo lote. Mawe ya barabarani yaliondolewa na wale wale walioyapanga, wakajazia lile shimo, jambo ambalo idara ya barabara ilikuwa haijaliwaza.

Tangu hapo nilibadilisha namna ya kusoma kifungu cha sita dirishani, na ndivyo ninavyowaomba msome. Mwambieni mteja: nenda hospitali leo, usingoje kesho. Peleka chakula. Taja jina lako, sema gari ni lako, keti nao. Usitaje kiasi, usiahidi kiasi, usitie sahihi. Ukiulizwa kosa ni la nani, sema linapimwa. Na kama baba wa mgonjwa atakutazama usoni akuulize mara ya pili, hapo mimi sina kifungu cha kukupa. Njoo tu uniambie ukweli wa ulichosema, siku hiyo hiyo, tuuandike pamoja. Nanyi pimeni barabara kabla ya mvua. Ombeni idhini Kampala mapema, lakini msimfungie mtu nyumbani akiisubiri.

Mwaka ulipokwisha, Hajati alikuja kukata bima tena, siku ile ile ya tarehe yake, hakuchelewa hata asubuhi moja. Nilikuwa nimeshaandaa karatasi, na nilikuwa nimeogopa kidogo kumwonyesha. Alivaa miwani, akashusha kidole mpaka kwenye mstari wa punguzo.

“Hapa hakuna kitu.”

“Hakuna, Hajati. Tunaanza upya.”

“Miaka tano yote imekwenda?”

“Imekwenda.”

Akafikiri. Nje, Swaibu alikuwa akifunga magunia ya chumvi kwenye pikapu, akipiga soga na mtu wa baiskeli aliyeegemea fimbo.

“Na barabara ya Ayivu?”

“Iko wazi.”

“Basi andika,” alisema, akafungua mkoba.